Robo Mzunguko wa Bisibisi

Mtu akikutegea kitendawili huku ameshika spana, usikimbilie kujibu. Iangalie kwanza spana. Sikio hakuiangalia, na ndiyo maana siku ile, mbele ya fundi tairi na mchomeleaji na mkunga mwenye gari lake, aliinadi karakana yake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe.

Sikio si jina alilopewa na mama yake. Alilipata kazini. Injini yenye kabureta mbili ni kama jembe la ng'ombe wawili: mmoja akizembea, mtaro unakwenda upogo. Lazima zote zivute hewa sawasawa. Mafundi wengine walipima kwa vyombo. Yeye alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni, ya pili akaielekeza kwenye koo la kabureta, akafumba macho, akausikiliza ule mfyonzo. Kisha bisibisi ikageuza skrubu robo mzunguko. Robo tu, si zaidi. "Haya, nenda," husema, na injini imetulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Miaka thelathini na moja alifanya hivyo, na ilikuwa desturi yake kwamba gari halitoki karakanani, hata likitengenezwa na nani, mpaka yeye amelisikiliza na kuligeuzia ile robo yake. Ilikuwa kama muhuri.

Karakanani alikuwemo mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyeletwa nyumbani kwake na mkoba mmoja akiwa na miaka tisa. Sikio ndiye aliyemfundisha kushika spana. Msichana akakua, akaenda kusomea umeme wa magari, akarudi na kompyuta ya mapajani na ulimi mkali. Mjomba akambandika jina: Bi Waya. Mwanzoni lilikuwa jina la mapenzi. Siku hizi alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Ugomvi wao uliletwa na Mbuzi.

Mbuzi ni gari la mkunga, gari la zamani la milimani, refu la miguu, pana la matairi, lililopewa jina hilo kwa sababu ya kupanda mawe. Lakini kulikuwa na mwinuko mmoja uliolishinda, ule wa kwenda zahanati ya juu. Kila lilipofika kwenye jiwe kubwa la kati, pua ikiwa mbinguni na mkia ardhini, lilikohoa mara mbili, likatapika petroli, likazimika. Sikio alikuwa amelirekebisha mara nane. Mara nane limezimika pale pale.

Mara ya tisa mkunga aliingia karakanani bila hodi.

"Fundi, Jumatano nimezalisha mtu kwenye kiti cha nyuma! Gari limelala pale kwenye jiwe, nimetia mawe nyuma ya matairi, baba mtoto amekanyaga breki huku analia kuliko mwenye uchungu. Wewe uliniambia nini?"

"Nilikuambia liko sawa, na liko sawa," alisema Sikio. "Lisikilize."

"Silisikilizi! Mimi nasikiliza mapigo ya watoto. Wewe lisikilize, halafu upande nalo!"

Bi Waya alikuwa chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Sauti yake ikatoka huko huko.

"Mama Mkunga, hata akilisikiliza mpaka sikio liote ndevu, halitapanda."

Akajivuta nje, akasimama, spana mkononi, uso umejaa vumbi.

"Kabureta ina kibakuli cha petroli, na ndani mna boya, kama lile la tangi la choo. Gari likiwa tambarare, petroli imetulia, boya limetulia. Gari likisimama wima, petroli yote inakimbilia upande mmoja. Ama injini inazama, ama inakufa kiu. Hapo robo mzunguko haisaidii. Kabureta zitoke zote mbili, tuweke nozeli zinazopuliza petroli kwa nguvu ya pampu. Hizo hazina kibakuli. Ukiligeuza gari kichwa chini zitapuliza tu."

"Na nani anaziambia wakati wa kupuliza?" aliuliza mkunga.

"Kompyuta."

Sikio alicheka, kile kicheko cha puani. Akawageukia fundi tairi na mchomeleaji, ambao walikuwa wameshaacha kazi zao ili wasikose.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia.

"Mwanangu hapumui mpaka aambiwe na sanduku."

"Gari la Bi Waya!" alipiga kelele fundi tairi, na wakacheka mpaka mchomeleaji akajifuta macho kwa glovu.

Bi Waya hakucheka. "Na mimi nina changu. Kitendawili."

"Tega."

"Bibi yangu akikaa anakunywa, akipanda ngazi anatapika."

Kila mtu alilijua jibu. Lilikuwa juu ya benchi mbele yao, kabureta ya akiba, inang'aa kwa kusuguliwa. Lakini nani angelitaja mbele ya mwenyewe? Sikio alilijua kuliko wote, na kwa kulijua akakataa kulitamka.

"Umeshindwa, Mjomba? Basi nipe mji."

Ndio mchezo wenyewe: asiyejibu humpa mtegaji mji, hata mji wa mbali ambao hakuna aliyewahi kufika. Watu hutoa miji kwa mdomo bila kupungukiwa na tofali. Lakini Sikio alikuwa na hasira, na hasira haijui kuchagua mji.

"Unataka mji? Huu hapa." Akazungusha mkono: benchi, kreni ya mnyororo, milango miwili ya bati. "Mbuzi akipita lile jiwe bila kukohoa, karakana hii ni yako, na funguo nakukabidhi mbele ya hawa. Asipopita, unakusanya waya zako, unaondoka, na usije ukasema ulifundishwa na mimi."

"Mashahidi mmesikia?" alisema Bi Waya.

"Tumesikia," alisema fundi tairi, taratibu, kama mtu aliyeona sahani inateleza mezani.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Bi Waya alilitoa tangi la Mbuzi, akamwaga kutu ya miaka, akaliosha mara tatu. Alilaza bomba jipya la kupeleka petroli mbele, na la pili la kurudisha inayobaki. Alifunga pampu, akafunga nozeli sita, akatoboa ukuta kati ya injini na viti kupitisha waya, kila waya na rangi yake. Pale zilipokuwa kabureta aliweka koo moja pana la hewa, lenye mlango wa bati ndani na kidude cheusi ubavuni. Kile kidude kazi yake ni moja: kuiambia kompyuta mlango umefunguka kiasi gani.

Sikio alipita karibu kila saa. Hakusaidia hata kushika taa.

"Nilidhani unatengeneza gari," alisema siku ya nne. "Kumbe unasuka nywele."

"Ungeweza kusuka, Mjomba, usingezimika mlimani mara nane."

"Mdomo huo umeutoa wapi?"

"Nimekulia kwako."

Nyumbani kulikuwa vibaya zaidi, maana walikula meza moja. Mke wa Sikio, mkaza mjomba wa watu, mama mpole mwenye mwili, aligeuka kuwa posta.

"Mwambie huyo anipe chumvi," alisema Sikio.

"Mwambie mumeo chumvi iko mbele yake," alisema Bi Waya.

"Iko mbele yako, mume wangu."

"Mwambie nimeiona."

Asubuhi Bi Waya aliacha kumwamkia. Miaka kumi na minane hakuwahi kupita mlangoni bila shikamoo, sasa alipita kama anapita mbele ya nguzo. Sikio alijitia hajali. Lakini kila asubuhi, akimsikia anakuja, marahaba ilimpanda kooni yenyewe, na ikabidi aimeze nzima nzima kama kidonge bila maji.

Siku ya kumi na moja, kabla ya adhuhuri, Bi Waya aliliwasha gari. Liliwaka kwa mpigo mmoja. Likanguruma chini chini, laini, kama paka aliyeshiba juani. Akaangalia namba kwenye kompyuta yake, akatabasamu peke yake, akalizima. "Saa tisa tunapanda," alimwambia mkunga kwa simu, akaenda kula.

Sikio akabaki peke yake na Mbuzi.

Alikuja tu kuangalia. Hilo aliapa baadaye na lilikuwa kweli. Aliwasha, akainamisha kichwa, akafumba macho. Hakuhitaji hata mpira. Mngurumo ulikuwa mzima, lakini kwa sikio lake ulikuwa chini, kama wa mtu anayesinzia. Enzi za kabureta, injini inayosinzia hivyo ingemzimikia mwenyewe kwenye kona ya kwanza. Akafumbua macho. Pembeni mwa koo la hewa paliota skrubu moja ndogo, kichwa chake kimepakwa tone la rangi nyekundu, rangi ya kucha. Akadhani ni mapambo ya wanawake, kumbe ni alama ya usiguse. Na mkono, jamani, mkono una akili zake. Kabla kichwa hakijasema neno, bisibisi imetoka mfukoni, tone limepasuka, skrubu imezunguka robo.

Mngurumo ukapanda. "Haya, nenda," alisema Sikio, kama alivyosema kwa kila gari kwa miaka thelathini na moja. Akazima, akaenda zake. Ndipo alipofika mlangoni akajiuliza: kwa nini nimelisaidia?

Hakujua kwamba ameliua.

Saa tisa Bi Waya alipowasha, injini ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mtu anayelia kwa kwikwi. Akakunja uso. "Itatulia ikipata moto," alisema. Barabarani, mguu ukiwa kwenye pedali, ilikwenda. Lakini walipofika chini ya mwinuko na kusimama, kwikwi zikarudi. Wuu, wuu, wuu, kisha kimya. Akawasha. Ikazimika. Akawasha tena. Ikazimika.

Na pale hata mlima hawajauanza.

Wote walikuwepo. Fundi tairi alifunga kazi yake makusudi. Mchomeleaji alikuja na glovu zake. Mkunga alisimama na mkoba wake wa kazi, maana juu kulikuwa na mama wa mapacha aliyetarajiwa kujifungua wiki ile ile.

Bi Waya alifungua boneti. Akashika waya mmoja mmoja. Akakagua betri, pampu, akavuta kila soketi. Jasho likamchirizika mpaka kidevuni. Kisha akainua kichwa.

"Asubuhi lilikuwa zima. Nani amegusa gari hili?"

Sikio alikuwa amekaa juu ya jiwe, bisibisi mfukoni, inamchoma paja kama kaa la moto. Sasa ndipo alipoelewa. Kile kidude cheusi. Skrubu imeusukuma mlango ukafunguka kidogo, kidude kinaiambia kompyuta mguu uko kwenye pedali, na mguu haupo. Sanduku limedanganywa. Na aliyelidanganya ni yeye.

"Nimeuliza, nani amegusa?"

Angeweza kusema pale pale. Hakusema. Aliangalia tairi la mbele kana kwamba ameliona leo.

"Tangu lini fundi akishindwa anatafuta mchawi?" alisema fundi tairi, na watu wawili watatu wakacheka.

"Binti yangu," alisema mkunga, na sauti yake haikuwa na ukali, ndiyo maana iliumiza zaidi, "mimi nilikuamini. Zile kabureta mnazo bado? Basi zirudisheni. Afadhali lizimike kwenye jiwe kuliko lizimike hapa."

Sikio alikuwa ameshinda. Mpwa angekusanya waya zake jioni ile, funguo zingebaki kiunoni mwa mjomba, na watu wangelisimulia jambo hilo mpaka watoto wao walijue. Alingoja furaha ije. Haikuja. Bi Waya akajaribu mara ya mwisho, akawasha, na injini ikaanza kwikwi zake, na Sikio, kwa bahati mbaya ya jina lake, akaisikia. Chini ya zile kwikwi aliisikia injini nzima. Mitungi sita, yote inapiga sawa, safi kuliko alivyowahi kuisikia kwa Mbuzi. Injini isiyo na kosa, inasimama mbele ya watu inasingiziwa, na shahidi wake pekee amekaa juu ya jiwe. Kama ni mwanadamu, angeweza kumwacha asingiziwe; wanadamu wana midomo ya kujitetea. Injini haina.

"Iacheni," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasimama.

"Nimesema iacheni! Injini haina ubaya. Skrubu ya pembeni ya koo, nimeizungusha mimi. Robo."

Fundi tairi alifunga mdomo wake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Bi Waya aligeuka polepole. "Umefanya nini?"

"Nilidhani linasinzia. Mkono tu."

"Mkono tu! Nimekuuliza mara mbili. Mara mbili, Mjomba, umenikodolea macho nikivuliwa nguo mbele za watu!"

"Si ninasema sasa?"

"Sasa! Nimeshavuliwa mpaka shanga ndio unaniletea kanga!"

Sikio akatoa bisibisi, akaelekea kwenye boneti. "Nairudisha. Naijua ilipokuwa."

Bi Waya alimpiga kwenye kiganja, pa, kama unavyompiga mtoto anayegusa jiko. Bisibisi ikaruka majanini. Watu wakashtuka, maana hayo si mambo ya kumfanyia mjomba. Hata yeye mwenyewe alishtuka. Lakini hakuomba radhi.

"Hairudishwi kwa sikio," alisema. Akaunganisha kompyuta, akachukua bisibisi yake mwenyewe, akageuza skrubu kidogo kidogo huku macho yakiwa kwenye namba, mpaka namba ikawa ile aliyoitaka. Akawasha. Paka akarudi juani.

"Panda," alimwambia Sikio.

"Niende wapi?"

"Mbele, kando yangu. Ukasikilize mwenyewe. Nisije nikaambiwa kesho lilikohoa na mimi ndiye kiziwi."

Mkunga aliingia nyuma na mkoba wake. Mbuzi akainua pua. Mawe yalivunjika chini ya matairi, mkoba ukateleza, mkunga akashika kiti kwa mikono miwili. Mbele kukawa hakuna barabara tena, mbingu tu, na ubavuni mwa kioo likachomoza lile jiwe. Sikio alifumba macho. Alikuwa anakingoja kikohozi kama mtu anayengoja mgeni asiyempenda: sasa, sasa, sasa. Alisikia petroli ikipulizwa, tss tss tss, sawasawa, bila haraka, kama cherehani. Bi Waya, kwa ukorofi, akasimamisha gari pale pale katikati ya jiwe, akaondoa mguu kwenye pedali, akashika breki. Akaliacha lingurume likiwa limesimama wima.

Likanguruma.

"Umesikia?" alisema.

"Nimesikia."

"Limekohoa?"

"Nimekwambia nimesikia!"

"Limekohoa au halijakohoa?"

"Halijakohoa."

"Twendeni basi," alisema mkunga kule nyuma, "mtagombana mkishanishusha."

Waliporudi chini, mashahidi walikuwa bado wanangoja. Sikio alifungua shada la funguo kiunoni. Vidole vilikuwa vizito, kitanzi kilikataa, akahangaika nacho mbele yao wote mpaka kikatoka. Akanyoosha mkono.

"Mji wako."

"Weka juu ya boneti," alisema Bi Waya. "Leo mkononi mwako sipokei kitu."

Akaziweka. Zililia kidogo juu ya bati lenye moto.

Kesho yake Sikio alifika karakanani mapema kama kawaida, akapeleka mkono kiunoni kama kawaida, na mkono ukakuta mshipi mtupu. Akasimama nje ya milango yake miwili ya bati kama mteja. Fundi tairi alipita akasema, "Umewahi, mzee," akajibiwa kwa jicho tu.

Bi Waya alikuja saa mbili kasoro. Hakukimbia. Akafungua, akapita, na alipokuwa amempa mgongo ndipo alipolitoa, kavu, kama anahesabu nati:

"Shikamoo."

Lilimfika ghafla. Alikuwa ameimeza marahaba yake mara nyingi mno hata alisahau ilikowekwa. "Marahaba," alisema, na ikamtoka imekwaruza.

Benchi lake lilikuwa pale pale. Kigoda chake pale pale. Mpira wa maji umening'inia kwenye msumari wake. Kwenye kona lilingoja gari dogo la mwalimu mstaafu, la kabureta mbili, linatoa moshi mweusi.

"Hilo ni lako," alisema Bi Waya bila kugeuka. "Mimi kabureta sigusi. Na wewe changu hugusi. Tumeelewana?"

Sikio alifungua boneti, akachukua mpira, akautia sikioni, akafumba macho. Upande wa kushoto ulikuwa unazembea. Mkono ukaenda mfukoni. Hamna kitu. Bisibisi ilibaki majanini jana, au ndivyo alivyodhani, mpaka alipoinua macho akaiona: imewekwa kwenye kabati la vyombo vya mpwa wake, nyuma ya kioo, na kabati limefungwa.

Injini inatetemeka, moshi unamwingia puani. Alikohoa, mara mbili. Mlangoni fundi tairi alisikia, akajiziba mdomo asicheke.

"Naomba bisibisi," alisema Sikio.

Bi Waya alichomoa ufunguo kwenye lile shada, akautia kabatini, lakini hakuuzungusha.

"Ya skrubu ipi?"